Mfumo wa rekodi wa Mosoriot, naupa nyota nne
Jamani kama kuna kitu hospitali zetu zote zingeiga zamani ni ule mfumo wa kompyuta walioweka kituo cha afya cha Mosoriot, huko karibu na Eldoret, Kenya, mwaka 2001. Mgonjwa wa OPD (wa nje, asiyelazwa) alikuwa anasajiliwa mara moja anapewa namba, akirudi historia yake iko pale kwa kompyuta, hakuna kuambiwa faili limepotea anza upya. Watafiti walipima muda kabla na baada wakakuta mgonjwa anamaliza kliniki haraka kwa asilimia 22, na kwa mama amebeba mtoto mwenye homa hiyo si kitu kidogo aisee. Kazi ya huko Eldoret ndiyo baadaye ikazaa OpenMRS, programu ya bure ya rekodi za wagonjwa inayotumika nchi nyingi sasa.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu utafiti huohuo ulionyesha muda wa mgonjwa na wahudumu ulishuka asilimia 58. Sawa, makaratasi yamepungua, lakini mimi nataka daktari aniangalie usoni aniulize vizuri, hizo dakika zilizookolewa wangeturudishia sisi wagonjwa. Na stima ikipotea je? Betri za akiba ni lazima.