Rimoti ya bluetooth au waya wa shata: ipi afadhali kwa vidole vyenye baridi yabisi?

Hili swali haliishi jamani. Kwa bei rimoti inashinda, ni kale kadude kadogo kanakouzwa na selfie stick, hapa Kampala maduka ya simu yamekajaza, unabonyeza simu inapiga picha, mkono umeuweka zako mapajani. Waya wa shata, ule wenye kitufe unaochomekwa kwenye kamera upige bila kuigusa, lazima uwe na kamera yenyewe, na kamera na lenzi zake mara nyingi inapita nusu kilo, kwa hiyo bila tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, kiganja kitalia.

Ila kwa kutegemeka waya hauna mpinzani, hauna betri hauna kuunganisha bluetooth, na ukitaka picha ya usiku unaweka kamera kwenye Bulb, unafunga kitufe cha waya kibaki kimebonyezwa, shata inabaki wazi hushiki kitu. Rimoti nyingi zinatumia betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, na kukachomoa kale kabetri kwa ukucha wakati vidole vimevimba, wee, muachie mjukuu.

Unapiga picha za watoto na sherehe, rimoti inakutosha, hata taima ya simu ya sekunde 3 ni bure kabisa. Unapiga picha za ndege kule kwenye kinamasi cha Mabamba, hapo waya na tripodi, ila tafuta tripodi ya kufunga miguu kwa klipu, zile za kuzungusha zinaumiza kifundo cha mkono.