Uzoefu wangu na Icom IC-A25N: redio ya mkononi kwa rubani wa ndege ndogo Zanzibar

Kila ninaporuka na Cessna 206, redio yangu ya mkononi, Icom IC-A25N, huwa kwenye mfuko wa pembeni mwa kiti, betri imejaa na waya wa hedseti umeshachomekwa. Ninayo muda mrefu sasa, imepita nami kusi na kaskazi, masika na vuli. Naiandikia kwa sababu vijana wanaoanza kazi kwenye njia ya Unguja na Pemba huniuliza kila tukikutana kiwanjani: "Kapteni, tununue redio gani?" Mara nyingi swali hilo huja na picha ya redio ya bei rahisi kwenye simu, na muuzaji keshawaambia kwamba inafanya kila kitu.

Mimi huwajibu hivi: kwanza iwe imeidhinishwa kisheria, pili usikike nayo injini ikiwa inanguruma. GPS, Bluetooth na mapambo mengine yapo nyuma sana ya hayo mawili.

Kutoka kiwanja cha Unguja mpaka cha Chake Chake ni zaidi ya kilomita 120, na ukishaiacha Nungwi, chini yako ni maji mpaka uikaribie Pemba. Ndege nyingi za injini moja tunazorusha zina altaneta moja tu, yaani mashine ya kuzalisha umeme wa ndege. Altaneta ikifa na usiligundue hilo mapema, betri inakwisha, na redio zote mbili za dashibodi zinazima pamoja. Wapo wanaosema wao wataweka 7600, namba ya kusema redio imekufa, kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na mnara wa kuongozea ndege utaelewa. Transponda nayo inakula umeme uleule! Zinabaki taa za mnara: kijani isiyokatika umeruhusiwa kutua, nyekundu isiyokatika mpishe mwenzio na uendelee kuzunguka, nyekundu inayomweka kiwanja si salama, usitue. Lazima uzijue. Lakini hebu itafute taa hiyo saa tisa mchana, jua liko usoni, nyuma yako kuna ndege nyingine ndogo, Caravan, na mbele yako inaingia ndege kubwa ya watalii. Ukiwa na redio mkononi unasema wewe nani, uko wapi na umepatwa na nini, na waongoza ndege wanakupangia nafasi kama kawaida.

Tuje kwenye sheria. Mawasiliano na usafiri wa anga ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Kwa hiyo hata hapa visiwani, chombo cha kurusha mawimbi kinapitia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na mambo ya ndege na rubani yanapitia TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo inayosimamia uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano nchini. Kimataifa kuna Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao kifungu chake cha 30 kinataka redio ya kurushia iliyomo ndegeni iwe na leseni ya nchi iliyosajili ndege hiyo. Ndege yenye usajili unaoanza na 5H, leseni yake ni ya Tanzania. Hapa pana maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Je, aina hii ya redio imekubaliwa nchini? Na je, wewe una leseni ya kuitumia? Redio inaweza kuwa nzuri na imeidhinishwa, mwenye nayo akawa hana leseni. Na kuwa na leseni ya rubani hakukupi ruhusa ya kurusha mawimbi kwa kifaa chochote utakachokiokota dukani.

Jambo jingine la kushika: redio ya mkononi, hata iliyoidhinishwa, haichukui nafasi ya redio iliyofungwa kwenye ndege. Iliyofungwa ina viwango vyake vya kiufundi na fundi mwenye leseni anaisainia. Hii ya mkononi ni akiba.

Nilipoipata yangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitoa betri na kusoma kibandiko kilicho chini yake. Pale pana namba ya modeli, namba ya kifaa na alama za idhini. Isome herufi kwa herufi. IC-A25N na IC-A25C zina umbo moja, ukiziona kwenye picha huzitofautishi, lakini N ina GPS, Bluetooth na VOR (kipokezi cha vituo vya ardhini vya kuonyesha njia), na C haina. Toleo la Ulaya huongezewa herufi E mwishoni. Cheti cha idhini kinatolewa kwa modeli, kwa hiyo cheti cha C hakiilindi N. Bluetooth nayo ni kirusha mawimbi kinachojitegemea. Alama ya CE ni ya Ulaya na FCC ni ya Marekani. Ni dalili nzuri kwamba kifaa kimepimwa na mtu, lakini si idhini ya Tanzania. Mwombe muuzaji cheti cha TCRA cha modeli hiyo hasa, au peleka namba ya modeli TCRA uulize mwenyewe kabla hujalipa. Kwangu mimi muuzaji alituma boksi likiwa na redio na chaja tu, bila karatasi hata moja, ingawa alikuwa ameahidi. Mzigo ulikwama forodhani mpaka karatasi zilipopatikana, na gharama za kukaa ghalani nikazilipa mimi. Ilinikera sana, na ndiyo maana nalisisitiza hili. Redio bandia zenye jina la Icom zipo pia, kampuni yenyewe imekuwa ikionya, hivyo bei ya ajabu iwe sababu ya kurudi nyuma.

Sasa zile redio za bei rahisi. Baofeng UV-5R kila mtu Zanzibar anaijua, walinzi wa mahoteli wanatembea nayo kiunoni kuanzia Kiwengwa mpaka Jambiani. Kwa kazi yao inafaa. Kwa rubani haifai, na sababu yake si bei. Redio hiyo inarusha kwenye megahezi 136 hadi 174 na 400 hadi 520, tena kwa FM. Sisi tunazungumza kati ya 118 na 137, kwa AM, namna nyingine kabisa ya kubebesha sauti kwenye wimbi. Kijana mmoja wa dukani Mlandege aliniambia kwa kujiamini kabisa, "Hii naifungua masafa, Kapteni, inafika kote." Hata uifungue vipi, inaendelea kutuma FM, na kipokezi cha mnara kinachosubiri AM kitatoa sauti iliyovurugika. Siku hizi zipo redio za bei ndogo zinazoweza kupokea mazungumzo ya ndege. Kusikia peke yake hakumfanyi mwongoza ndege akusikie wewe, na kurusha nayo ni kosa la kisheria.

Wengi hushangaa kwa nini anga bado imeshikilia AM wakati FM ina sauti safi. Kwenye FM, wawili wakizungumza pamoja mwenye nguvu anamfuta kabisa mwenzake, na mnara hautajua kwamba kulikuwa na mtu wa pili. Kwenye AM unasikia mlio mkali wa wawili kugongana, na mwongoza ndege anajua papo hapo kwamba kuna aliyezibwa. Aliyezibwa anaweza kuwa ndiye aliyezimikiwa na dashibodi.

Nguvu ya redio nayo ina maneno yake. Boksi la Icom linatangaza wati 6. Hizo ni za kilele. Wimbi lenyewe linabebwa na wati 1.8. Redio ya dashibodi kwa kawaida ni wati 10 hivi. Lakini masafa haya yanakwenda kwa mstari wa macho, kwa hiyo urefu uliopo angani una maana kuliko wati. Ukiwa futi 2,000, upeo wa mawimbi kwa hesabu ni kama maili 55 za baharini. Ukiwa umeegesha nyuma ya jengo, hata mnara wa karibu unaweza usikusikie.

Nilikwenda kuijaribu na mwenzangu akiwa kwenye usukani, bila abiria, tukaomba ruhusa kwa redio kubwa kwanza ili tusiwashughulishe waongoza ndege bure. Tukiwa karibu na Nungwi nikaishika Icom mapajani, antena ya mpira ikielekea mbele, nikabonyeza. Kimya. Nikaiinua mpaka usawa wa dirisha la pembeni, antena imesimama wima, nikarudia. Mnara ukajibu kwamba unanisoma tatu, kwa kipimo cha usikivu cha moja hadi tano. Tofauti ilikuwa sentimita chache tu, lakini bodi ya ndege ni bati, na mawimbi yanatokea madirishani. Tena hapo nilikuwa nikiongea kwenye maikrofoni ya redio yenyewe, na injini ilikuwa inameza nusu ya maneno. Mimi kwa upande wangu majibu nilikuwa nikiyakisia tu, spika ndogo kama ile haishindani na injini ya 206. Nikachomeka hedseti kwa waya wake, kitufe cha kuongelea nimekifunga kwenye usukani kwa mkanda wa kunata. Safari hii nilisomwa nne, na mimi nikasikia kila neno. Kama kuna kitu kimoja ningetaka ukumbuke kwenye maandishi haya ni huo waya. Usikubali kuambiwa utaununua baadaye.

Antena ya Icom inaunganishwa kwa BNC, kiungio cha kawaida cha antena, kwa hiyo mwenye ndege anaweza kumwomba fundi amwekee tundu la antena ya nje, na hapo redio ndogo inabadilika kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na iandikwe kwenye kitabu cha ndege.

Kioo chake kinasomeka juani, vitufe ni vikubwa, 121.5, masafa ya dharura, ipo karibu. Menyu yake ina mambo mengi mno na baadhi yamezikwa ndani, huwezi kuyatafuta ukiwa na hofu, kwa hiyo panga masafa yako nyumbani. GPS yake inashika haraka, lakini huwa naizima ili kuokoa betri. VOR sijaihitaji.

Betri ni ya lithiamu, 2,350 mAh, na inanitosha siku nzima ya kusikiliza zaidi kuliko kuongea. Ninachokipenda zaidi ni kile kisanduku kinachokubali betri sita za AA, zile za dukani. Hakikisha kimo kwenye boksi lako au kiagize. Waliokuwa Unguja mwisho wa 2009 mpaka mapema 2010, miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Usiiache redio ndani ya ndege iliyoegeshwa juani, joto linaiua betri. Betri ya akiba ukisafiri nayo kama abiria, ichukue kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini.

Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa huku kwetu. Redio ina kiwango cha IP57 cha kukinga vumbi na maji, haiingizi maji kirahisi, lakini vichomekeo na miguu ya betri vinaota kutu ya kijani. Navipangusa kwa kitambaa kikavu kila nikirudi, khasa siku za kusi.

Mwenzangu anatumia Yaesu FTA-250L na amenipa niitumie. Ni ndogo, nyepesi, bei yake ni nafuu, na wati zake ni 5 za kilele. Kioo ni kidogo kwa macho yangu. Mwanafunzi anayeruka karibu na kiwanja na anayetaka kuzoea kusikiliza, inamtosha kabisa. Redio zote mbili zinakubali nafasi za kilohezi 25 na 8.33 kati ya chaneli na chaneli. Ulaya imelazimisha 8.33 tangu Januari 1, 2018. Huku tunatumia 25, lakini ukija kuiuza redio hiyo au kuruka kwingine, utafurahi kuwa nayo.

Kwa anayevuka bahari na fedha ni za kuhesabu, ningemwambia achukue IC-A25C. Ni mwili uleule, nguvu ileile, waya uleule wa hedseti, bila GPS na Bluetooth alizo nazo tayari kwenye simu au tableti. Fedha zinazobaki anunulie betri ya pili na alipie leseni.

Na kwa wenye kampuni ndogo na wenye ndege zao: iingizeni redio ya mkononi kwenye orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, pamoja na jaketi za kuokolea. Iwashwe, betri isomwe, hedseti ichomekwe, isikike ikipokea mazungumzo ya mnara. Haichukui hata dakika moja, na inafanyika abiria wakiwa bado wanafunga mikanda.