Drimkecha: ipi uinunue kwanza, ipi uiache dukani

Siku hizi drimkecha (dreamcatcher, yaani kinasa ndoto) ziko kila mahali, kwenye vioo vya magari, hereni, tatuu, juu ya vitanda vya watoto, lile duara lenye uzi uliosukwa kama utando wa buibui na manyoya yananing'inia chini. Watu wakiuliza wanunue ipi wanajibiwa habari za saizi na rangi. Mi napanga kwa kuangalia nani kaitengeneza, maana hiki kitu kina wenyewe.

Wenyewe ni Waojibwe, wenyeji wa asili wa pande za Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, yaani Minnesota, Wisconsin, Michigan mpaka Ontario kule Kanada. Wanasimulia kuhusu Asibikaashi, Mama Buibui, aliyekuwa analinda watoto, sasa watu walivyozidi kutawanyika ikawa ngumu kumfikia kila mtoto, ndo akina mama na bibi wakaanza kusuka ule utando wao wenyewe. Mtafiti Frances Densmore aliandika habari za drimkecha hizo mwaka 1929: viduara vidogo tu, kama sentimita 9 hivi, vinafungwa kwenye kibebeo cha mtoto ili vinase mabaya kabla hayajamfikia. Hizi kubwa za kufunika ukuta ni mambo ya baadaye kabisa. Miaka ya 60 na 70 mataifa mengine ya wenyeji yakaipokea kama alama ya umoja wao, baadae maduka yakaidaka na viwanda vikaingia, na wapo Waojibwe wengi wanaoumia kuona ulinzi wa mtoto umegeuzwa pambo la bei chee.

Namba moja basi ni iliyosukwa na Mojibwe mwenyewe. Muuzaji mkweli anakutajia jina la msanii na jamii anayotoka bila kusitasita, kwa hiyo uliza, na omba akuandikie. Marekani kuna sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kama kazi ya wenyeji wa asili wakati sio, mtu binafsi akikutwa na hatia mara ya kwanza faini inaweza kufika dola 250,000 au kifungo hadi miaka 5 au vyote viwili. Ndo maana wajanja wanaandika "mtindo wa" au "imechochewa na", ukiona maneno hayo jua huenda hakuna mwenyeji aliyeigusa. Kwa ndugu zetu walioko Minnesota, jumba la makumbusho la Mille Lacs pale Onamia, linalohusu Waojibwe wa huko, lina duka lake, anzeni hapo. Ukiishika angalia duara, liwe kijiti cha kweli kilichopindwa, fuata uzi kwa kidole uone kama unazunguka mfululizo na kukaza kila unapopita, gundi isionekane.

Namba mbili ni ya msanii wa taifa lingine la asili, Mlakota au Mnavajo mfano. Hela yako bado inaenda kwa wenyeji, sema tu usiambiwe eti ndo chimbuko lake.

Tatu, suka mwenyewe na wanao. Kijiti kibichi, uzi wa pamba, manyoya ya kuku, na unawahadithia watoto imetoka kwa nani. Mi hii naiheshimu kuliko ya kiwandani kwa sababu haimdanganyi mtu.

Nne ni hizo za kiwandani, duara la chuma au plastiki na manyoya ya rangi kali. Pambo tu, usilipie bei ya kazi ya mkono.

Ya mwisho kabisa, usiiguse: yoyote ambayo muuzaji anakuambia ina manyoya ya tai. Marekani tai wanalindwa na sheria ya mwaka 1940, mtu wa kawaida haruhusiwi kuyanunua wala kuyauza, hata muuzaji awe nani. Ama anakudanganya ama anakuingiza matatani.

Na kama ni ya mtoto mchanga jamani, itundike ukutani mbali na mkono wake, sio juu ya kitanda. Shanga zikidondoka anameza, na kamba ndefu inaweza kumzonga shingoni.