KLR650 ya Jeshi Inayotembelea Mafuta ya Ndege: Uchambuzi wa M1030M1

Wadau, habari zenu. Kabla sijasema lolote naomba msikilize hii ikiwaka.

Umeusikia mlio huo? Mzito, mkavu, unagonga silinda moja. Ukifumba macho utadhani kuna jenereta nyuma yangu. Sasa tazama. Ni KLR650 ya Kawasaki, pikipiki ambayo wasafiri wa masafa marefu wameizunguka nayo dunia. Tenki lile lile refu, siti ile ile ya juu, tairi lile lile kubwa la mbele. Lakini humu ndani hakuna plagi ya cheche, hakuna koili, hakuna kabureta. Hii ni dizeli.

Jeshi la Marekani liliipa jina M1030M1, na walioitumia zaidi ni wanajeshi wa Marine, askari wao wa kushambulia kutoka baharini. Ukiitazama haraka utasema ni pikipiki ya raia iliyopakwa rangi ya kijani, ikafungwa vyuma viwili vitatu. Nataka tukimaliza hapa uwe umeona kwamba rangi na vyuma ni jambo dogo sana. Kilichoifanya iwe ya jeshi ni mafuta inayokunywa, na mafuta hayo ndiyo yaliyolazimisha karibu kila badiliko utakaloliona leo.

Tuanze na ya raia, kwa haraka. KLR650 ilitoka mwaka 1987 ikachukua nafasi ya KLR600. Silinda moja, cc 651, inapozwa kwa maji, gia tano, tairi la inchi 21 mbele na 17 nyuma, tenki la lita 23. Kawasaki walikaa nayo miaka 20 bila kuibadilisha kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 2008 wakanenepesha shokapu za mbele, wakaboresha breki na spoki, wakapanua kava la upepo. Ikasimama kutengenezwa 2018 ikiwa bado na kabureta, na iliporudi kwa toleo la 2022 ndipo ikaja na mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta.

Kuna wanaoidharau kwa ukale huo. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Pikipiki isiyobadilika miaka 20 mafundi wanaijua kwa mkono, spea zake zinaingiliana, na kila ugonjwa wake umeshapata dawa. Mfano ni ule mkono mdogo unaokaza cheni ya balansa, yaani vyuma vya kupunguza mtikisiko, ndani ya injini. Ule wa kiwandani, hasa kwenye matoleo ya kabla ya 2008, ulikuwa na sifa mbaya: springi yake inakatika au mkono wenyewe unapasuka. Wenye KLR walishagundua, wakatengenezewa wa chuma imara, na leo ni kazi ambayo mtu anaifanya nyumbani. Jeshi linapenda kitu cha namna hii, kitu ambacho tabia zake zinajulikana. Ndiyo maana hata kabla ya dizeli walikuwa tayari na KLR650 ya petroli, wakiiita M1030B1, iliyokuwa imetengenezwa upya kwa matumizi yao na kampuni ya Hayes Diversified Technologies ya California, wengi wanaiita HDT tu.

Basi kama petroli ilikuwa inafanya kazi, kwa nini wajitese na dizeli?

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Chukua kikosi kilichoko mbali na kwao. Kina vifaru, malori, jenereta na helikopta. Majeshi ya NATO yalishakubaliana kwamba vyombo vyao vya nchi kavu na vya angani vitumie mafuta ya aina moja, na mafuta hayo ni JP-8. Hayo kimsingi ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa kiwango cha ndege, yakaongezwa kemikali za kuzuia barafu, kutu na umeme tuli. Injini ya dizeli inayachoma, injini ya ndege inayachoma. Msafara mmoja wa matenki unamlisha kila mtu. Isipokuwa yule jamaa mwenye pikipiki. Yeye anataka petroli. Kwa ajili ya pikipiki chache inabidi msafara ubebe madumu ya pekee, yatengwe, yalindwe, na yakiisha pikipiki inalala hata kama pembeni kuna bahari ya mafuta ya ndege.

Kwa Marine kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Hawa watu wanasafiri na meli za kivita. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba kwenye joto la kawaida mvuke wake uko tayari muda wote, unasubiri cheche. JP-8 hairuhusiwi kutoa mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 38. Na JP-5, mafuta ya ndege yanayotumika kwenye meli za kubeba ndege, kiwango chake ni nyuzi 60, na kiliwekwa juu hivyo kwa sababu ya hofu ya moto melini. Sasa wewe ndiye mkuu wa meli, una mabomu, una ndege, una maelfu ya watu, halafu mtu anakuja kukuomba nafasi ya kuweka madumu ya petroli kwa ajili ya pikipiki. Utamwambia nini? Ndiyo maana nasema dizeli hapa haikuja kwa ajili ya kubana matumizi. Ilikuja ili pikipiki iruhusiwe kupanda meli na kuishi na wenzake.

Kutengeneza injini ya dizeli ya kukaa kwenye fremu ya pikipiki ni kazi ngumu. Dizeli inagandamiza hewa kwa nguvu mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe, na mgandamizo huo unataka silinda nene, pistoni imara, kila kitu kizito. Kazi ya kuibuni ilifanyika Uingereza, Chuo Kikuu cha Cranfield, katika chuo chao cha sayansi za kijeshi kule Shrivenham, kwa kushirikiana na HDT. Matoleo ya awali yalikuwa na cc 584, silinda moja, inapozwa kwa maji, na mafuta hayapuliziwi moja kwa moja juu ya pistoni. Yanapuliziwa kwanza kwenye kichumba kidogo cha pembeni, yanaanzia kuwaka humo, kisha moto unatoka kwenda kusukuma pistoni. Utaratibu huu ni wa zamani na unapoteza joto kidogo, lakini hauchagui sana mafuta. Dizeli ya kawaida, JP-8, JP-5, hata dizeli ya mimea, inakunywa. Kwa kazi hii naona walichagua vizuri kabisa.

Sogea na kamera hapa, nikuonyeshe kitu. Kwenye KLR ya petroli hapa ungekuta waya mnene wa plagi. Hapa haupo. Kilichopo ni plagi ya hita, ya kupasha chumba joto wakati wa kuwasha kwenye baridi, na ikishawaka inapumzika. Faida yake wengi hawaifikirii. Mfumo wa cheche ukipata maji, pikipiki inazima katikati ya mto. Hii haina cheche ya kuzimwa. Faida nyingine ni kwamba kila cheche ya plagi inarusha kelele kwenye mawimbi ya redio, na askari wa upelelezi aliyebeba redio hataki kelele hiyo. Kwa kuondoa plagi wameondoa matatizo mawili kwa mpigo.

Haya, vyuma. Gadi za pembeni zinalinda rejeta na kava, na hii ni lazima kwa sababu rejeta ya KLR ikiangukia jiwe safari imeisha. Chini kuna bamba la kulinda injini. Keria ni ya chuma imara, imekusudiwa kubeba mzigo wa askari. Na hapa kwenye usukani kuna swichi ya giza, inayozima taa za kawaida ili usionekane usiku. Rangi haina mng'ao. Sitakaa sana hapa, maana ukitaka gadi na keria za namna hii kwa KLR ya raia unazinunua na kufunga mwenyewe.

Kuendesha sasa.

Sekunde chache za mwanzo zinachanganya. Unawasha, unasubiri hita, unabonyeza stata, inatikisika mwili mzima kisha inatulia kwenye ule mlio wake wa kugonga. Ukivuta mafuta haikurukii. Nguvu yake ni kama farasi 30, na KLR ya petroli inaizidi waziwazi kwenye mbio. Ukiizoea petroli utajikuta unasubiri injini ipande mizunguko, na haipandi, kwa sababu dizeli haikuumbwa kwa hilo. Unatakiwa uibadilishie gia mapema na uiache ivute kutoka chini. Ukishalielewa hilo inakuwa pikipiki tamu ajabu kwenye mlima wa mawe. Unaingia na gia ya pili, mzunguko mdogo, inakwea taratibu bila kuslaidi tairi la nyuma na bila kutaka klachi kila mara. Pale ambapo pikipiki ya petroli ya silinda moja inaanza kukohoa na kutishia kuzima, hii bado inavuta. Kwenye mchanga laini siipendi. Mchanga unataka nguvu ya ghafla ya kunyanyua tairi la mbele, na hapa nguvu inakuja kwa hatua.

Kwenye lami nyoofu inaishi vizuri kwenye kasi ya 80 au 90 kwa saa. Kupita gari kubwa inabidi upange mapema, uangalie mbali, uwe na uhakika. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu ni usalama wako: usiipeleke kwenye barabara kuu ukitegemea kasi ya kukutoa kwenye hatari.

Lakini mafuta, ndugu zangu, mafuta! Takwimu ya watengenezaji ni karibu kilomita 40 kwa lita kwenye kasi ya kilomita 88 kwa saa. Zidisha kwa tenki la KLR uone unafika wapi. Kwa mtu anayesafiri jangwani, hiyo peke yake inabadilisha namna unavyopanga safari. Hubebi dumu. Huogopi kituo kilichofungwa. Kila penye lori pana mafuta yako.

Udhaifu wake sasa, maana upo. Mtikisiko ni mkubwa kuliko wa KLR ya kawaida, na ile ya kawaida tayari inatikisika. Vioo havionyeshi kitu kwenye baadhi ya kasi, na bolti inabidi uzikague mara kwa mara. Jambo kubwa zaidi ni pampu ya kusukuma mafuta. Dizeli ina utelezi wake unaolainisha vyuma vya pampu. Mafuta ya aina ya taa ni makavu, na hata jeshi linatia kemikali ya kupunguza msuguano huo. Pikipiki iliyokunywa JP-8 maisha yake yote, mimi pampu yake naikagua kwanza kuliko kitu chochote.

Kwa raia, HDT waliwahi kutangaza toleo lao liitwalo Bulldog, na watu walilisubiri kwa hamu. Halikuja kuwa pikipiki ya kuingia dukani na kununua. Kwa hiyo ukitaka moja unaangalia zile zilizotoka jeshini na kuuzwa kwa mnada huko Marekani. Na hapa ushauri wangu unategemea wewe ni nani. Kama unataka pikipiki ya kusafiria na kulala usingizi, tafuta KLR650 ya raia, au ile M1030B1 ya petroli ukiipenda sura ya kijeshi. Kila spea yake inapatikana. Hii ya dizeli mwachie mtu anayejua dizeli kwa mikono yake, kwa sababu fremu, breki, tairi na shokapu utazipata kwa urahisi, ila injini ilitengenezwa kwa idadi ndogo na spea zake hazikai rafuni zikikusubiri. Mimi binafsi ningeichukua, maana sijaona pikipiki nyingine ya safari inayokwea namna ile na kunywa kidogo namna ile.

Ukiikuta mnadani, iwashe ikiwa ya baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, mwombe uirudie kesho asubuhi, maana hita mbovu na mgandamizo uliochoka vinajificha injini ikiwa ya moto. Tazama moshi: ukiendelea kuwa mweupe baada ya kupata joto, kuna mafuta yasiyoungua, anza na nozo ya kupulizia mafuta kisha mgandamizo. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa, uangalie maji yana rangi gani. Tazama chini ya pampu kama pana unyevu wa mafuta. Kisha uliza karatasi. Chombo kinachotoka serikalini Marekani kinatakiwa kije na hati iitwayo SF 97, na ndiyo inayokuwezesha kukisajili kwa jina lako. Muuzaji akikwambia hati itafuata baadaye, mwambie na pesa itafuata baadaye.