Uzoefu wangu na seti ya fitingi za paipu ya oili ya tabo

Seti hii nimeitumia kupeleka oili kwenye tabo (turbocharger, kifaa kinachotumia moshi wa ekzosi kusukuma hewa zaidi kwenye injini) niliyoifunga katika injini ya Kijapani ya silinda 4 ambayo haikutoka kiwandani na tabo. Ndani yake kuna paipu ya tefloni iliyosukwa juu kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, ya saizi -4 AN (AN ni mfumo wa saizi za paipu na fitingi zake), pamoja na adapta za 1/8 NPT (thredi ya bomba ya Kimarekani) na za 1/8 BSPT (thredi ya bomba ya Kiingereza), kiungo cha T, washa za shaba nyekundu, kipunguza mtiririko chenye tundu la milimita 1 na roli ndogo ya utepe wa tefloni. Ni vifaa vidogo, lakini nimevikagua kimoja kimoja kwa sababu mhimili wa tabo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukiwa umebebwa na utando mwembamba wa oili, na kiungo kinachopitisha oili hiyo kiko jirani kabisa na ekzosi. Kikivuja hapo, gari linaweza kuwaka moto.

Jambo ambalo watengenezaji wamelifanya vizuri ni kugonga chapa ya aina ya thredi kwenye mwili wa kila adapta. Injini nyingi za Kijapani zina tundu la sensa ya presha ya oili lenye thredi ya 1/8 BSPT, na hapo ndipo watu wengi huchukulia oili ya tabo. Tabo yangu, kwa upande wake, ina mdomo wa 1/8 NPT. Kwa hiyo paipu moja inahitaji thredi mbili tofauti katika ncha zake, na thredi hizo kwa macho zinafanana kama mapacha. NPT ina meno 27 kwa inchi yenye pembe ya digrii 60, ilhali BSPT ina meno 28 kwa inchi yenye pembe ya digrii 55. Umbali kati ya jino na jino ni milimita 0.941 kwa ile ya kwanza na milimita 0.907 kwa ya pili, tofauti ambayo katika jino moja haionekani, lakini ikishajumlishwa kwa meno saba hufika karibu robo ya jino zima.

Hatari yake ni kwamba ukichanganya, adapta haikatai. Dume la NPT, yaani upande wenye thredi kwa nje, huingia katika tundu la BSPT kwa mkono mizunguko michache kisha huanza kukaza, na kwa kuwa thredi zote mbili zina mchongoko, yaani hupungua kipenyo kuelekea nchani, kukaza huko ndiko hasa fundi anakokutarajia. Anaongeza spana, meno yanasagana, na kiungo kinakaa kana kwamba kimefungwa sawasawa mpaka injini ipate joto na presha ipande. Kinyume chake, dume la BSPT ndani ya tundu la NPT huingia likiwa limelegea, na hapo ndipo mtu huongeza utepe juu ya utepe akidhani anaziba pengo. Kama tundu liko kwenye alumini, nguvu ya ziada inaweza kupasua ukuta wake, na kipande hicho hakirekebishwi kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo sikuiamini chapa peke yake. Nilipima kila adapta kwa geji ya thredi, yaani seti ya majani ya chuma yenye meno ya kulinganishia, na nikaona moja iliyoandikwa NPT ikikubali jani la meno 28 bila mwanga kupenya, wakati jani la 27 lilipanda juu ya meno kuelekea mwisho. Muuzaji alinibadilishia baada ya kumtumia picha, lakini kosa la namna hiyo kwenye bidhaa inayouzwa kwa ajili ya kulinganisha thredi ni kubwa, na ndilo linalonizuia kuipa seti hii alama zote. Kalipa pekee isingeligundua. Kwa vipimo vya kitabuni bomba la 1/8 NPT lina kipenyo cha nje cha milimita 10.29 na dume la 1/8 BSPT lina milimita 9.73, yaani tofauti ya milimita 0.56, lakini mchongoko wa 1 kwa 16 hubadilisha kipenyo kwa zaidi ya milimita 0.6 katika urefu wa milimita 10 tu. Ukipima mahali tofauti kidogo kwenye thredi, unapata jibu la thredi nyingine. Geji ya majani ndiyo inayotoa hukumu.

Utepe wa tefloni uliomo ndani ya seti nisingeutumia hata mara moja kwenye njia ya oili ya tabo. Kipande kikikatika wakati wa kukaza husafiri na oili hadi kwenye matundu membamba ya beringi, na kikikwama hapo mhimili unakosa oili. Nilipaka ziba-thredi ya majimaji inayostahimili oili na joto, nikiacha meno mawili ya mwanzo yakiwa makavu ili isisukumwe ndani. Upande wa paipu wenyewe haupakwi kitu chochote, kwa sababu fitingi ya AN huziba kwa koni ya digrii 37 inayobanana chuma kwa chuma, na thredi yake ya 7/16-20 kazi yake ni kuvuta tu. Hapa pia kuna mtego: nati za koni ya digrii 45 za bomba la robo inchi, zinazotumika katika mitambo ya ubaridi, zina thredi hiyo hiyo ya 7/16-20. Zinajifunga vizuri kabisa, ila koni zinagusana kwenye mstari mwembamba tu.

Kiungo cha T kimetengenezwa kwa shaba, na maelezo ya seti yanaelekeza kukifunga moja kwa moja kwenye bloku kikiwa kimebeba sensa. Siungi mkono mpango huo. Sensa ni nzito, injini inatetemeka muda wote, na uzito wote unaning'inia kwenye shingo nyembamba yenye thredi. Nilitoa paipu fupi kutoka kwenye bloku, nikakifunga kiungo kwenye mwili wa gari kwa bano.

Maelezo hayo hayo yanasema kipunguza mtiririko lazima kifungwe, bila kutofautisha tabo. Kinahitajika kwa kawaida kwenye tabo za beringi za gololi, ambazo hutaka oili kidogo. Yangu ni ya beringi za kuelea, zisizo na gololi, ambamo mhimili hubebwa na oili yenyewe, nami nimekiacha nje, kwa kuwa kuibania oili ni kuiua. Paipu ya kurudisha oili haimo kwenye seti, na hilo silioni kuwa kasoro, mradi mnunuzi ajue kwamba oili hurudi kwa mteremko wake tu na inahitaji njia pana, saizi -10 AN au zaidi, isiyo na sehemu inayopanda.

Tangu nifunge, viungo vyote vimebaki vikavu, hata baada ya safari ndefu zenye milima, na paipu haijaonyesha dalili ya kuchoka karibu na ekzosi. Mwenye injini ya Ulaya yenye tundu la M10x1 (thredi ya milimita 10 yenye umbali wa milimita 1 kati ya meno) hatapata adapta yake humu, na asijaribu kutumia ile ya NPT kwa kuwa vipenyo vinakaribiana. Atafute adapta ya M10x1 yenye washa, kwani thredi hiyo haina mchongoko na haizibi yenyewe.