Mto wa sufi au wa manyoya ya bata?

Nimelala kwenye sufi tangu utotoni. Nyuzi za tunda la msufi zina uwazi ndani na nta kwa nje, hivyo hazinywi maji upesi. Zamani zilijazwa hata kwenye majaketi ya kuokolea baharini. Ubaya wake ni mabonge: miaka ikipita, unalalia gunia la viazi. Usiufue, uanike juani uupige. Ukiuminya ukakuta vipunje vigumu, mbegu hazikuchambuliwa.

Manyoya ya bata yana bua linalopenya kitambaa na kukuchoma shavuni, ndiyo maana kitambaa chake hufumwa kwa kubana sana. Malaika, yale madogo ya kifuani, hayana bua gumu. Hushika hewa nyingi, na bei hupanda. Mto huu hufulika, ila usipokauka hadi ndani utavunda. Kwa joto la Tanga, sibadilishi sufi yangu.