Altezza yangu hapa Malindi: hela ziliponisaidia na zilipopotea

Hii Toyota Altezza RS200 ya gia sita niko nayo mwaka wa tatu sasa, niliinunua Mombasa kwa mtu ikiwa ishatembea kilomita laki moja na themanini na kitu, na kila siku ya kazi naenda nayo Watamu kupitia Msabaha na Gede, jioni narudi. Wanaozijua hizi gari wanajua injini yake ya 3S-GE ilitoka kiwandani na hosipawa 210 kwa lita mbili tu bila turbo, na uzipate zote lazima uipandishe mpaka raundi 7,600 kwa dakika. Magurudumu ya nyuma ndo yanasukuma, ilitoka 1998 mpaka 2005, na kwao Japani ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka 1998-1999. Yani ni gari ilotengenezwa vizuri toka mwanzo, na hili nililielewa nimechelewa, manake mwaka wa kwanza wote nilikua naiongezea vitu vipya na vile ilokuja navyo vimechoka chini kwa chini.

Nianze na hela zilizopotea. Cha kwanza egzosi. Kuna gereji moja (sio ya hapa Malindi) waliniambia wakikata sailensa ya nyuma na kunichomelea bomba pana gari itaamka, nikatoa shilingi 28,000. Sauti ilitoka kweli, lakini raundi za chini gari ikawa nzito kuliko mwanzo, ukitoka kwenye tuta unasikia inavuta pumzi kwanza halafu ndo inakwenda, na ndani ya gari kukawa na harufu ya moshi ukisimama na vioo wazi. Jirani yangu alikua na mtoto mchanga wa wiki tatu na mimi natoka saa kumi na moja alfajiri. Nilivumilia miezi miwili nikarudisha sailensa ya kawaida, bahati nzuri ile ya zamani sikuiacha kule.

Cha pili kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, pale wanapochomeka mashine ya kusoma injini, wanakiuza ati ni chip inaongeza nguvu na kupunguza petroli. 3,500. Kinawaka taa nyekundu na kijani basi. Nilikifungua na bisibisi nikakuta taa zile na kibati kidogo cha kuziwasha ziwake na kuzimika, hakuna waya wowote wa maana unaoongea na kompyuta ya gari. Ukiona mtu anakuuzia hicho mwambie asante na uende zako.

Cha tatu ile filta ya hewa ya koni ya wazi, 6,500. Hii inauma zaidi kwa sababu inafanya watu waamini, ile sauti ya kuvuta hewa tamu kweli. Lakini imekaa pale pale juu ya injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina oksijeni nyingi, kwa hivyo injini inapata kidogo. Hapa kwetu wakati wa kaskazi, Januari au Februari, umekwama kwenye foleni pale Lamu Road saa saba mchana, fungua boneti uweke mkono karibu na ile koni ndo utanielewa. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya mbele ya gari, ya baridi kidogo. Nililirudisha na filta mpya ya karatasi ya 1,800 na siku hiyo hiyo gari ikachangamka.

Sasa hapo ndo nikapelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima, mimi namwita ami, ana kibanda chake tu chini ya mwarubaini. Nikamwambia ami nataka gari iende. Hakufungua boneti hata. Alizunguka akainama kwenye kila tairi, akanionyesha kwa kidole zile namba nne za mwisho pembeni, 1113. Akaniambia hii ni wiki ya kumi na moja mwaka 2013, mwanangu hizi tairi zina miaka kumi, mpira umekua mgumu kama soli, unataka ziende wapi? Na mimi nilizinunua mitumba nikaona zina meno mazuri nikaridhika. Afu akasema neno ambalo bado liko kichwani: gari hii nguvu inazo, shida yake kushika barabara na kusimama, ukishajua itasimama mguu wenyewe utakua mwepesi kukanyaga.

Tairi nilichukua Yokohama mpya 215/45 za rimu 17, nne kwa 58,000, najua sio hela ndogo na nilikusanya miezi minne, lakini hakuna kitu nishawahi kuifanyia hii gari kikakaribia hapo. Usukani ulibadilika siku ile ile. Zamani nikitoa gia ya pili mvua imenyesha ile nyuma inatafuta kwenda yake, sasa inakaa. Nazipa tisa kwa kumi, moja nimetoa kwa sababu zina kelele kidogo kwenye lami mbovu. Wili alaimenti (kunyoosha magurudumu) 2,000 juu yake, usiiruke hii, tairi mpya bila alaimenti unazila upande mmoja. Na upepo fuata stika ya mlango wa dereva, vijana wa petroli steshen wanajaza 40 kila gari, tairi inakua ngumu inagusa barabara katikati tu.

Breki ndo nataka niikalie kidogo. Mimi nakaa Shella karibu na bahari, chumvi inaingia kila mahali, na gari ilikua ukifunga breki kwa nguvu inavuta kushoto, mimi nadhani ni barabara. Ami alipofungua gurudumu la mbele kulia, ile kalipa, chuma kinachobana pedi, haisogei, inatakiwa iteleze kwenye pini mbili, akagonga pini ya chini na nyundo na kipande cha mbao kama dakika kumi ndo ikatoka, imeshika kutu ya kahawia mpaka inabanduka magamba, grisi yote imekauka ikawa kama ugoro. Maana yake breki ya kulia ilikua haifanyi kazi nusu, kushoto ndo inabeba. Akazisugua na msasa mwembamba, akapaka grisi ya silikoni, sio grisi ya kawaida manake ile ya kawaida inaharibu raba zake. Pedi mpya za mbele 4,800.

Afu mafuta ya breki. Alifunga mpira mwembamba pale pa kutolea hewa akauelekeza kwenye chupa ya maji tupu, mimi nikawa ndani nakanyaga, akisema kanyaga, shikilia, achia. Kilichotoka ni cheusi, wallahi kama kahawa tungu ya kwenye dele. Mapya ni ya manjano hafifu unaona mpaka chini ya chupa. Akanieleza mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani yenyewe, na hapa pwani unyevu ndo hewa yetu, aina hii ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka digrii 230 na kuendelea lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155, sasa ukifunga breki mara nyingi mfululizo yanachemka yanatoa povu na pedali inazama. Kila miaka miwili badilisha. Lita moja 1,200, ufundi wa kila kitu 2,000. Elfu nane tu kwa breki nzima!

Wiki mbili baadae natoka Kilifi jioni, kwenye ule msitu wa Arabuko Sokoke, nyani akakatiza na mwingine nyuma yake amebeba mtoto. Nilikanyaga mguu wote. Gari ilisimama imenyooka, mstari mmoja, mikono yangu haikufanya kazi yoyote kwenye usukani. Nilikaa pale sekunde kadhaa moyo unapiga nawaangalia wanaingia majani. Kwa zile tairi za 2013 na ile kalipa sitaki hata kufikiria.

Upande wa injini sikufanya makubwa. Plagi nne 9,600, za zamani zilikua zimelika mwanya umekua mkubwa, na ile throto bodi (mlango wa kuingiza hewa kwenye injini) kuisafisha na dawa ya kopo 900, raundi zilikua zinapanda na kushuka gari ikisimama, zikatulia. Petroli weka ya okteni ya juu, injini hii inabana hewa na petroli 11.5 kwa 1, ukiiwekea ya chini kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili isigonge na hapo unapoteza nguvu ulizonunua. Boksi la spika nililitoa kwenye buti, karibu kilo thelathini, hiyo ni bure kabisa.

Na kuosha, hasa walio karibu na bahari kama mimi, osha chini ya gari na maji ya bomba. Visima vingi hapa maji yake yana chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi, na watu wengi wa kuosha magari wanatumia hayo hayo kwa hivyo uliza kwanza.

Kilichobaki ni bushi za mbele, zile raba za kwenye maungio ya chini, zinagonga nikipita matuta ya Gede, ami kanambia nilete gari Jumamosi baada ya alasiri.